Mkoba wa ngozi wa nakshi za kukatwa: unavyoshonwa kwa mkono, kutoka Machakos hadi Pwani

Makala haya yametokana na mkoba mmoja uliofumuka. Niliununua Mombasa kumpelekea mama watoto. Ulikuwa wa kahawia, usoni umekatwa maua na majani, na chini ya maua kumetiwa ngozi nyekundu ili ionekane kupitia matundu. Muuzaji aliniapia kuwa ni ngozi tupu na kwamba umeshonwa kwa mkono. Haukumaliza miezi mitatu. Uzi ulikatika mahali pamoja karibu na mpini, na baada ya siku mbili ubavu mzima ukawa wazi. Maua nayo yakaanza kuchanika kwenye ncha zake.

Baadaye nilipata safari ya Machakos, nikauchukua ule mkoba nikaenda nao. Fundi mmoja wa ngozi pale mjini aliugeuza mara mbili tu akajua maradhi yake: mshono ulikuwa wa cherehani, si wa mkono, na ncha za maua hazikutobolewa kabla ya kukatwa. Nilikaa naye hadi wakati wa adhuhuri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma habari za kazi hii. Hapa nimekusanya yale yanayomfaa mnunuzi, yanayomfaa kijana anayetafuta ufundi, na mwisho yanayotuhusu sisi sote tunaochinja kila Idi kisha tukaitupa ngozi.

Nakshi za kukatwa ni nini

Ngozi hupambwa kwa njia nyingi. Yaweza kuchomwa kwa chuma cha moto, kugongwa chapa, kupakwa rangi au kushonewa shanga. Katika nakshi za kukatwa, fundi huchora ua, nyota, jani au umbo la pembe juu ya ngozi, kisha huondoa vipande vidogo vidogo kwa kisu na kitoboleo mpaka ngozi ibaki na madirisha kama kimia. Chini yake hubandikwa ngozi nyingine, au kitambaa, cha rangi tofauti. Macho huona ua la rangi mbili, na mkono ukipita juu yake huhisi vina na miinuko.

Mwenye kuzijua kofia zetu za kushonwa kwa mkono, zile zenye vitobo vidogo vidogo, ataielewa kazi hii upesi. Katika kofia, uzuri uko kwenye tundu na uzi unaolizunguka. Katika mkoba ni vivyo hivyo, ila mahali pa kitambaa pana ngozi, na ngozi haisamehe kosa. Kitambaa kilichoshonwa vibaya hufumuliwa kikashonwa tena. Ngozi iliyokatwa vibaya imekwisha.

Kwa nini Machakos

Mji wa Machakos uko kiasi cha kilomita 65 kusini-mashariki ya Nairobi. Anayetoka Mombasa kwa gari huiacha barabara kuu pale Kyumvi, ambapo wengi twapajua kwa jina la njia panda ya Machakos. Jina la mji latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Kikamba. Uhusiano wake na sisi watu wa mwambao si wa jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa ilipitia Ukambani, na Wakamba wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu walioleta bidhaa zao hadi pwani. Reli ndiyo iliyobadilisha mambo: iliupita mji huu kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na biashara ikaifuata.

Lakini kwa upande wa ngozi, Machakos haikupitwa. Mji wa Athi River, ulio ndani ya kaunti hii, umepakana na malisho ya Kajiado, na ng'ombe wa wafugaji hufika pale kwa urahisi. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoundwa mwaka 1950, ina machinjio yake makubwa hapo hapo Athi River. Penye machinjio pana ngozi, na viwanda vya kudabaghi navyo vikajengwa karibu. Serikali ilichagua Kenanie, katika kaunti hiyo hiyo, kuwa mahali pa eneo maalumu la viwanda vya ngozi, kwenye shamba la kiasi cha ekari 500, ili ngozi iingie mbichi itoke kiatu au mkoba.

Kisha kuna mikono yenyewe. Akina mama wa Ukambani wamesuka vyondo tangu zamani, na chondo cha mkonge kinachouzwa mjini mara nyingi hutiwa mpini wa ngozi, kifuniko cha ngozi na kifungo. Kazi hiyo ya kuunganisha mkonge na ngozi yataka fundi mwenye msharasi na subira. Wamunyu, katika kaunti hiyo hiyo, ndiko kulikoanzia uchongaji wa vinyago wa Wakamba. Inaelezwa kuwa Mutisya Munge aliuleta ujuzi huo nyumbani baada ya kuwaona wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uchongaji huo tunao hata hapa kwetu: chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kiko Changamwe. Na nta ya kupaka uzi haiko mbali, kwani Ukambani ni nchi ya mizinga ya nyuki.

Ngozi inayokubali kisu

Si kila ngozi inafaa nakshi za kukatwa, na hapa ndipo mikoba mingi inapoharibika kabla hata sindano haijashikwa.

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze hudabaghiwa, na kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya magome ya miti. Ngozi hulowekwa katika maji yaliyotiwa dawa ya magome, na kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Nchini Kenya mti uliotumiwa zaidi ni muwati, uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu. Magome ya mikoko nayo yana dawa hiyo hiyo, na mwanzoni mwa karne ya 20 yalikatwa katika mwambao wa Afrika Mashariki na kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Leo mikoko inalindwa, kwa hivyo asitoke mtu na shoka kwa sababu ya makala haya.

Njia ya pili ni ya kromu, ambayo ni chumvi ya madini. Hii humalizika kwa siku moja au mbili, na sehemu kubwa ya ngozi duniani leo hudabaghiwa hivyo. Ngozi ya kromu ni laini, inanyumbuka, na haidhuriki upesi na maji. Kwa viatu na makochi yafaa sana. Kwa nakshi za kukatwa ina tatizo moja: huvutika. Ukikata jani jembamba kwenye ngozi inayovutika, baada ya mwezi jani hupinda na tundu hupanuka. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, husimama wima, na ukingo wake hukubali kusuguliwa ukang'aa. Ndiyo inayotakiwa kwa uso wa mkoba.

Kuzitofautisha si vigumu. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome ni ya kahawia kutoka juu hadi chini, na ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au buluu hafifu katikati. Tia tone la maji mahali pasipoonekana: ngozi ya magome isiyopakwa rangi nzito hunywa maji na kuwa nyeusi kidogo pale pale.

Unene nao una hesabu yake. Uso na mgongo wa mkoba wafaa kuwa kati ya milimita 2 na 2 na nusu. Mpini na mkanda wa begani uwe milimita 3 au zaidi. Ngozi ya mbuzi, ambayo ni nyembamba, hutiwa chini ya nakshi au hufanywa bitana, yaani kitambaa cha ndani.

Na tahara yake je?

Swali hili huulizwa sana na wenzetu, na ni haki kuulizwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Pwani, ngozi ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni tahiri. Ngozi ya nyamafu hutahirika kwa kudabaghiwa, na msingi wake ni hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, pamoja na kisa cha kondoo aliyekufa ambaye alishangaa kuona watu hawakuitumia ngozi yake. Wanaotolewa katika hukumu hiyo ni mbwa na nguruwe, ambao ngozi zao hazitahiriki kwa dabaghi. Kwa hivyo mkoba au pochi yenye ngozi ya nguruwe haifai kubebwa ndani ya sala.

Ngozi ya ng'ombe na mbuzi wa kwetu haina wasiwasi. Wasiwasi uko kwenye bidhaa za kutoka nje, khasa bitana za ndani. Ngozi ya nguruwe hutambulika kwa vinyweleo vyake: vitundu huonekana vitatu vitatu, vimekaa kwa umbo la pembetatu. Ukiviona hivyo, uliza kabla ya kulipa.

Vyombo vya kazi

Fundi hahitaji karakana kubwa. Anahitaji kisu kikali chenye ncha, rula ya chuma, ubao wa kukatia, nyundo ya mti au ya mpira, vitoboleo vya duara vya ukubwa mbalimbali, msharasi wa kutobolea, uma wa meno wa kupimia matundu, sindano mbili zenye ncha butu, uzi wa kitani au wa nailoni, kibonge cha nta, gundi ya mpira, na kibanio cha mbao cha kushikilia ngozi kati ya magoti ili mikono yote miwili iwe huru.

Katika vyote hivyo, kisu ndicho kinachoamua. Kisu butu husukuma ngozi badala ya kuikata, na mstari huyumba. Fundi mzuri hukipitisha kisu chake kwenye kipande cha ngozi kila baada ya dakika chache, kama kinyozi wa zamani na wembe wake.

Kuchora na kukata

Kwanza huchorwa kielelezo kwenye karatasi ngumu, kwa ukubwa ule ule wa mkoba. Hapo ndipo mahali pa kukosea, si kwenye ngozi. Mistari ya kukatwa huonyeshwa, na sehemu za kuondolewa hupakwa wino ili zisichanganyike na zinazobaki.

Kanuni ya kwanza ni madaraja. Baina ya tundu na tundu lazima ibaki ngozi ya kutosha, isiyopungua upana wa milimita 3 au 4. Daraja likiwa jembamba kuliko hapo, mkoba ukijazwa vitu hukatika. Pia nakshi isisogezwe hadi ukingoni. Huachwa nafasi ya sentimita moja na nusu hivi pande zote, kwa ajili ya mshono.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoukosa mkoba wangu. Kila mkato unapoishia kwenye ncha, hutangulizwa tundu dogo la duara kwa kitoboleo, ndipo kisu kikaja kukutana na tundu hilo. Ncha kali iliyoachwa wazi ni mwanzo wa mpasuko. Nguvu yote ya kuvuta hukusanyika pale, na ngozi huchanika taratibu. Tundu la duara huigawa nguvu hiyo. Kwa jani moja la ua lenye ncha mbili, ni vitobo viwili. Ua la majani sita lina vitobo 12. Mkoba wenye maua manane una vitobo 96 kabla ya kisu kuanza. Anayetaka kumaliza upesi huviacha, na mnunuzi hajui mpaka ua lichanike.

Kukata huanzia katikati ya nakshi kwenda nje, ili ngozi ibaki imara muda mrefu iwezekanavyo. Mistari iliyopinda hukatwa kwa kuizungusha ngozi, mkono wenye kisu ukabaki mahali pamoja. Baada ya kukata, kila dirisha husafishwa ukingo wake na kupakwa rangi ndani, kisha ngozi ya chini hupakwa gundi nyembamba na kubandikwa. Gundi peke yake haitoshi. Nakshi huzungushiwa mshono ili tabaka mbili zisiachane joto la Pwani likiilainisha ile gundi.

Mshono wa sindano mbili

Hapa ndipo penye tofauti baina ya mkono na cherehani.

Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zinazoshikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, ule wa pili hauna cha kushika, na mshono hufumuka safu nzima. Ndivyo ulivyofanya mkoba wangu. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia. Ukikatika mahali pamoja, nusu ya pili ya uzi bado imepita hapo, na matundu ya jirani yameshikwa. Mwenye mkoba ana muda wa kuupeleka kwa fundi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mstari wa mshono huchorwa milimita 3 au 4 kutoka ukingoni. Matundu hupimwa kwa uma wa meno, kila tundu mbali na jingine kwa milimita 4 hivi, kisha hutobolewa kwa msharasi. Uzi hupimwa mara nne ya urefu wa mshono: mshono wa nusu mita wataka uzi wa mita mbili. Uzi huburutwa juu ya nta mara mbili au tatu. Nta huufanya uteleze, hauachi usokoteke, na huziba tundu maji yasiingie.

Uzi huingizwa tundu la kwanza na kusawazishwa nusu kwa nusu. Katika tundu la pili, sindano ya kushoto huja kulia, kisha ya kulia hupita tundu hilo hilo kwenda kushoto, na mikono yote miwili huvuta kwa nguvu sawa. Utaratibu huo haubadiliki mpaka mwisho. Ukianza na kushoto, kila tundu uanze na kushoto, la sivyo mishono italala ovyo. Sindano ya pili isiuchome uzi uliokwisha kupita, kwa maana utaukata ndani usipoonekana. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu mawili au matatu ndipo ukate.

Sasa tupige hesabu. Mkoba wa ukubwa wa kawaida, ukijumlisha pande zake, mpini na mzunguko wa nakshi, huweza kuwa na mshono wa mita mbili. Kwa tundu moja kila milimita 4, hayo ni matundu 500. Sindano mbili kila tundu ni mara 1,000 za kupitisha sindano, kila moja na mvuto wake. Ndugu msomaji, hiyo ndiyo bei unayoambiwa ukaguna. Fundi akikubali kushushwa hadi nusu, atakwenda kwa cherehani, na wewe utapata mkoba kama wangu.

Kingo na rangi

Kingo za mkoba uliokamilika hukwaruzwa zikawa sawa, hulowanishwa kidogo, kisha husuguliwa kwa kipande cha mti laini au kitambaa kizito mpaka zing'ae, na mwisho hupakwa nta. Ukingo uliosuguliwa vizuri huoni tabaka mbili. Huona kitu kimoja.

Rangi ya dukani hupakwa kwa kitambaa, tabaka nyembamba mara kadhaa. Iko njia ya zamani ya kupata rangi nyeusi: chuma chenye kutu hulowekwa ndani ya siki kwa siku kadhaa, na maji yake yakipakwa juu ya ngozi ya magome, hukutana na dawa ya gome na ngozi hugeuka nyeusi hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiuache mkoba wa ngozi ya magome uliolowa ukae juu ya msumari au bati lenye kutu. Doa lake halitoki.

Ukiwa dukani

Tazama mishono pande zote mbili. Mshono wa mkono hulala mshazari kidogo na hufanana nje na ndani. Wa cherehani huwa umenyooka kama mstari wa daftari.

Tazama ncha za kila ua kwa karibu. Utafute kile kitobo cha duara. Kama hakuna, rudisha mkoba mezani.

Shika mpini uvute kwa nguvu ya kadiri, uone kama mahali uliposhonewa panafunguka. Mpini mzuri umeshonwa kwa umbo la mraba au msalaba, haukutegemea ribiti peke yake.

Nusa. Ngozi ina harufu yake, na plastiki ina yake. Kunja pembe moja: ngozi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, plastiki hukunjika kama karatasi.

Na mwenye kuchukia picha za wanyama nyumbani kwake, aagize nakshi za maua au za pembe. Mikoba mingi iliyokusudiwa watalii hukatwa twiga na tembo, lakini fundi hukata kile alichoagizwa.

Kuutunza hewa ya bahari

Mkoba ulioshonwa bara hushuka Mombasa, Malindi au Lamu ukakutana na unyevu na chumvi. Adui wake mkubwa ni kuvu. Usiufungie ndani ya mfuko wa plastiki wala kabati lisilopata hewa. Uweke ndani ya mfuko wa kitambaa, ujaze magazeti makavu ili usipoteze umbo, na uutoe nje kivulini mara moja kwa wiki. Ukilowa mvua, ukaushe kivulini. Jua kali huikausha ngozi ikapasuka.

Kuvu ikishatokea, ifutie nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha upake nta nyembamba. Mafuta ya nazi wengi huyapenda, lakini huifanya ngozi iwe nyeusi, na yakizidi huilegeza. Katika madirisha ya nakshi, vumbi huondolewa kwa mswaki laini.

Kazi hii si ngeni kwetu

Nimesikia vijana wetu wakisema kazi ya ngozi ni ya watu wa bara. Huo ni usahaulifu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa katika karne za 18 na 19 mji wa wanazuoni na mafundi. Ilisifika kwa kunakili misahafu, kuijalidi, na kwa kazi za ngozi, vikiwemo viatu. Baadhi ya misahafu ya Siyu ingalipo, mmoja uko mbali sana katika makumbusho ya Fowler mjini Los Angeles. Makubadhi ya ngozi yalivaliwa mwambao mzima kabla ya kandambili za mpira.

Hata nakshi za kukatwa zenyewe zina nasaba katika Uislamu. Wajalidi wa Misri na wa Herat, karne ya 15, walikata ngozi nyembamba kama kimia na kuibandika juu ya rangi ya buluu au dhahabu ndani ya majalada ya vitabu. Fundi wa leo anayekata ua kwenye mkoba anafanya kazi ya ukoo huo huo, ajue asijue.

Ngozi tunazozitupa

Sasa tutazame kilicho mlangoni mwetu. Kila Idi ya kuchinja, ng'ombe na mbuzi wengi huchinjwa Pwani kwa siku tatu nne. Nyama hugawanywa vizuri, alhamdulillahi. Ngozi huachwa juani, au hupewa mchinjaji badala ya ujira, au hutupwa jalalani ikanuka mtaa mzima.

Katika madhehebu yetu, mwenye kuchinja udhuhiya haruhusiwi kuiuza ngozi yake, wala kumlipa mchinjaji kwayo. Anaweza kuitumia mwenyewe au kuitoa sadaka. Maana yake mlango uliofunguliwa ni wa sadaka, na sadaka hiyo hatuitoi kwa sababu tunaiacha ioze. Namna ya kuipokea na kuitumia kwa pamoja, msikiti uulize kwa kadhi wake, lakini upande wa ufundi ni rahisi.

Mchinjaji achune kwa mkono na ngumi zaidi kuliko kisu, kwani kila mkato wa kisu hushusha daraja la ngozi. Ngozi isafishwe damu na mafuta, itandazwe kivulini upande wa nyama juu, na ipakwe chumvi ya mawe kote, kwa kadiri ya thuluthi ya uzito wa ngozi au zaidi kidogo. Hayo yafanyike ndani ya saa chache. Kwa joto letu, ngozi iliyolala usiku mmoja bila chumvi huanza kutoa manyoya na haifai tena. Ikitiwa chumvi ipasavyo, husubiri wiki kadhaa hadi ipate gari la kuipeleka kiwandani.

Nchi yetu imeweka ushuru mkubwa, ambao wakati fulani ulifikia asilimia 80, kwa anayesafirisha ngozi mbichi nje, kwa kusudi ngozi ishughulikiwe hapa hapa. Ushuru huo hauwezi kumnufaisha kijana wa Kisauni au Mokowe ambaye ngozi yake iliishia jalalani. Kijana huyo anahitaji ngozi iliyotiwa chumvi, fundi wa kumfunza, na wanunuzi wanaojua kutazama ncha ya ua. Mafunzo yapo: kituo cha mafunzo ya viatu cha Thika ni kimoja, na mafundi wa soko la Kariokor, Nairobi, na wa Machakos wamewafunza wengi kwa kukaa nao.

Mkoba wa mama watoto niliuacha kwa yule fundi. Aliufumua wote, akatoboa ncha za maua yaliyosalia, akayafunika yaliyochanika kwa kiraka cha ngozi, na kuushona upya kwa sindano mbili. Mwenyewe yuaubeba hadi leo. Ama sisi wengine, Idi ijayo inapokaribia na visu vinanolewa, kila mtaa ununue na gunia la chumvi.